Msitu Uliokuwa Shamba la Nyawira

Niliondoka nyumbani Voi kwa sababu ya swali la mwalimu wangu wa chuo. Nilikuwa mwaka wa tatu, na kwa miezi mingi nilikuwa nimekaa katika chumba cha kompyuta nikichora misitu kutoka kwenye picha za setilaiti. Nilikuwa mwepesi katika kazi hiyo. Ungenipa picha ya mlima wowote, ningekuonyesha hapa ni msitu, hapa ni malisho, hapa ni shamba, kabla chai yako haijapoa. Siku moja mwalimu alisimama nyuma yangu akaniuliza, "Wakesho, msitu mkubwa umeuingia mara ngapi kwa miguu yako?"

Nikafikiri. Milima yetu ya Taita ina vipande vya msitu huko juu, na nikiwa shule ya msingi tulipelekwa kwenye kimoja, mvua ikatunyeshea, tukarudishwa garini.

"Mara moja," nikasema. "Na muda mwingi nilikuwa kwenye basi."

Alicheka, lakini wiki iliyofuata aliniandikia barua ya utambulisho. Karibu na mji wa Nyeri kulikuwa na kituo kidogo cha utafiti kilichokuwa kikitengeneza ramani ya misitu, kuanzia Mlima Kenya kukatiza bonde la Kieni hadi milima ya Nyandarua. Walitaka mwanafunzi mmoja wa mafunzo kazini, Juni hadi Agosti. Mama alinunua sweta mbili za mtumba, akazifua, akazianika, akazikunja pamoja na soksi za marehemu babu. "Huko watu hulala na soksi," aliniambia, kana kwamba ananipa habari za nchi nyingine.

Safari ya kwenda ilinichukua siku nzima. Asubuhi treni ilipita katikati ya mkonge na vumbi letu jekundu, na mchana nilikuwa Nairobi nikitafuta gari la Nyeri. Baada ya Sagana barabara ilianza kupanda, nami nikaanza kusinzia. Kila nilipofumbua macho nchi ilikuwa imebadilika: udongo mwekundu uliolowa, migomba, kahawa, majani ya ng'ombe yaliyopandwa hadi ukingo wa lami. Karatina niliamshwa na baridi iliyoingia kwa dirisha. Nje wanawake walikuwa wakiuza karoti zilizooshwa zikang'aa, na kila mtu alikuwa amevaa koti. Nilitazama juu kuutafuta Mlima. Palikuwa na wingu tu, jeupe na zito, limekaa mahali ambapo mlima ungepaswa kuwa.

"Leo umejificha," jirani yangu wa kiti aliniambia, "lakini uko hapo."

Huko Kiganjo, karibu na kituo, nilipata chumba nyuma ya duka la mama mmoja aliyeuza unga na vocha. Usingizi wangu wa kule ulikuwa wa ajabu, mzito kama wa mtoto, na alfajiri ya kwanza niliamshwa na sauti iliyonifanya nidhani bado naota. Ilikuwa miguu, mamia ya miguu, ikipiga barabara kwa pamoja, na juu yake wimbo wa sauti nene. Nilifungua mlango. Ukungu ulikuwa umefika kizingitini. Ndani yake vivuli vya wanaume na wanawake wenye fulana nyeupe vilipita vikikimbia, safu baada ya safu, kisha ukungu ukajifunga na wimbo ukaendelea kusikika upande wa pili. Walikuwa makurutu wa chuo cha polisi. Baadaye nilizoea, lakini sikuacha kutoka nje kuwatazama.

Mkuu wa kituo alikuwa Daktari Gathoni, mama wa makamo mwenye sauti ya chini na miwani iliyofungwa kwa kamba. Alinionyesha meza yangu na picha kubwa ya eneo zima kwenye kompyuta.

"Utaifundisha mashine," alisema. "Chora mipaka ya mahali unapojua ni msitu wa asili. Chora mahali unapojua ni shamba. Ikiona mifano ya kutosha, itapaka rangi kila mahali pengine yenyewe. Lakini chora pale unapojua tu. Umeelewa?"

Nikasema nimeelewa. Kwa siku nne nilichora. Mvua nyembamba ya msimu wanaouita gathano ilianguka nje bila sauti, chai ya maziwa ililetwa saa nne na saa kumi, na mimi nilielea juu ya Kieni kama ndege. Upande wa Endarasha, pale mashamba ya viazi yanapokutana na msitu wa Nyandarua, nilipata kipande chenye kijani cha giza, kigumu, chenye mikunjo kama manyoya ya kondoo. Kilishikana na msitu bila pengo. Niliuzungusha mstari wangu kando yake nikakiita msitu wa asili. Nakumbuka hata nilikipenda, kwa jinsi kilivyokuwa kizuri.

Wiki ya pili tulikwenda Kangema, upande wa pili wa Nyandarua, ili nione chai. Aliyenipeleka ni Bwana Hassan, dereva na msaidizi wa nyanjani, mtu mrefu wa Nanyuki aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa mifugo. Alikuwa amefanya kazi kituoni miaka mingi na alijua miti kuliko sisi wenye vyeti. Chai ya Kangema ilifunika vilima vyote hadi macho yakachoka, kijani kimoja laini, na wachumaji walionekana kuanzia kiunoni tu, kama watu wanaooga ziwani. Bwana Hassan alisimamisha gari.

"Kutoka juu hii ni kijani, na msitu ni kijani," alisema. "Sasa wewe unatofautisha vipi?"

"Chai ni laini. Msitu una vivuli."

"Sawa. Na kitu kingine chenye vivuli?"

Niliendelea kutazama chai. Aliwasha gari tukarudi kupitia Othaya, madirisha yamejaa mvuke.

Mwanzoni mwa Julai ramani ya kwanza ilikuwa tayari. Mashine ilikuwa imepaka rangi eneo lote, na kazi yangu sasa ilikuwa kwenda kwenye nukta tulizozichagua, moja moja, na kuandika kama rangi inasema kweli. Haraka ilikuwepo. Mpaka wa msitu upande wa Endarasha ulikuwa unapimwa upya na kamati ya eneo hilo, na kamati ilikuwa imeomba ramani yetu ionyeshwe kwenye baraza la chifu kabla mwezi haujaisha. Ardhi yoyote iliyoonekana kuwa msitu wa asili ingeingizwa ndani ya mpaka mpya, na mwenye madai angefuatilia mwenyewe.

Endarasha tulifika saa moja asubuhi kupitia Mweiga. Gari lilikwama kwenye matope, Bwana Hassan akabaki kulikwamua kwa jembe. Mimi nilichukua kifaa cha GPS, tepu ya kupimia miti na fomu zangu, nikaanza kupanda kuelekea nukta iliyokuwa mita mia chache mbele. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba niliona buti zangu na kidogo zaidi. Nilipita ua wa michongoma uliokuwa na pengo, kisha hewa ikabadilika. Ikawa kimya. Matone yalianguka kutoka juu sana. Nilikuwa katikati ya miti mikubwa, mierezi na mizeituni mwitu na mingine nisiyoijua, yenye kuvu la kijani na ndevu za kijivu zilizoning'inia kwenye matawi.

Sijui nilisimama pale muda gani. Kwa muda wote wa maisha yangu ya kuchora misitu sikuwa nimejua kwamba msitu una joto lake, kwamba ukiuweka mkono kwenye gome utahisi kama umemgusa mnyama aliyelala. Nilitembea polepole mkono mmoja mbele. Kila shina lilitokea kwenye weupe, likasimama, likarudi. Nilitabasamu peke yangu kama mjinga. Nikachuchumaa, nikaiweka fomu kwenye goti, nikaandika: msitu wa asili, uliokomaa, ramani ni sahihi.

Ndipo niliposikia redio.

Ilikuwa ikisoma matangazo ya vifo kwa Kikuyu, na ilikuwa karibu. Kisha kuku akalia. Kisha nikagongana na shuka lililolowa, limeanikwa kwenye kamba kati ya mwerezi na mwerezi.

"Ni nani huko?" sauti ya mwanamke iliita. "Simama hapo hapo! Ati unafanya nini kwa shamba yangu?"

"Samahani, shosho," nikasema. Nilikuwa nimejifunza kuwaita hivyo bibi wa huku. "Natoka kituo cha utafiti. Niko... nilidhani niko msituni."

"Msitu gani?" Alitokea akiwa na ndoo, mwanamke mfupi wa miaka sabini hivi, kofia ya sufu kichwani, buti za mpira miguuni. "Msitu iko kule nyuma ya waya. Hapa ni kwa Nyawira. Wewe umepita choo yangu ukaenda ukakanyaga vitunguu, sasa unaniambia ati ni msitu?"

Niliomba msamaha mara tatu. Alinitazama kuanzia kofia hadi buti, akaona nilivyokuwa nikitetemeka, akasema kwa hasira ile ile, "Kuja jikoni."

Jikoni mwake palikuwa na moto, sufuria ya chai, na paka aliyelala ndani ya karai. Alinipa kikombe na kiazi cha kuchemsha. Nilipomwambia natoka Voi alitaka kujua kama ni kweli kwamba huko ndovu hutembea karibu na barabara. Nikasema ni kweli. Akatikisa kichwa, akasema wa huku angalau wamewekewa waya wa umeme.

Nilimwuliza kuhusu miti. Akacheka kwa mara ya kwanza.

"Hiyo ni ile ilikataliwa. Mimi nilifanya kazi ya kitalu miaka mingi, huku kwa msitu. Mche ikiwa imepinda mzizi, wanasema tupa. Mimi siwezi tupa kitu iko hai. Nabeba kwa kikapu naleta nyumbani. Mume wangu akasema nitamfukuza kwa nyumba na miti. Angalia chini, utaona."

Ukungu ulikuwa umeanza kunyanyuka. Tulitoka, nikatazama chini. Kila mti, karibu na ardhi, ulikuwa na kona: shina lilitoka upande, kama goti lililokunjwa, ndipo likanyooka kwenda juu. Mmoja, wa pili, wa kumi. Na sasa kwa kuwa niliona mbali, niliona pia kwamba ilikuwa imesimama kwa mistari. Mistari isiyonyooka, iliyopindia choo na zizi na kaburi moja lenye maua, lakini ni mistari. Chini yake palikuwa na vitunguu, sukuma, mizinga ya nyuki. Nilitoa kifaa changu nikalinganisha na ramani. Nyumba, zizi, kaburi, vyote vilikuwa ndani ya kile kipande kizuri chenye giza. Mashine haikukosea yenyewe. Ni mimi niliyeifundisha.

"Unaandika nini?" Nyawira aliuliza.

"Naandika miti," nikasema, nikaona haya.

Kabla sijaondoka alinieleza jambo ambalo sikulitafuta. Alipokuwa mtoto wazazi wake walilima ndani ya msitu, kwa ruhusa, wakipanda mahindi kati ya miche. Asubuhi moja ruhusa ilikwisha. Alikumbuka kuku wakiwa wamefungwa miguu, na mama yake akirudi ndani mara mbili kutafuta kitu kisha akitoka bila kitu. Shamba hili walilinunua yeye na mume wake wakiwa watu wazima wa kutosha kujua maana yake. Hati ya shamba bado ilikuwa na jina la marehemu mume wake.

Garini nilimwonyesha Bwana Hassan ramani. Alijifuta matope mikononi, akaiangalia kwa muda.

"Hii mstari ulichora wewe?"

"Ndiyo."

"Basi mwambie Daktari leo, dada. Usilale nayo."

Nililala nayo siku mbili. Nilikuwa na sababu nyingi, na nazikumbuka zote. Ripoti yangu ya mafunzo ilikuwa mikononi mwa Daktari Gathoni. Nilikuwa nimemwambia mwalimu wangu kwamba kazi inaenda vizuri. Shamba lilikuwa moja tu, labda kamati ingemsikiliza mwenyewe. Nilitembea kutoka chumbani hadi kituoni katika ule ukungu, nikarudi, na kila mti uliotokea kando ya barabara niliuangalia kwenye goti.

Siku ya tatu nilimwambia. Alivua miwani ikaning'inia kifuani.

"Ulijua tangu lini?"

"Jumatatu."

"Leo ni Alhamisi. Jana nimetuma ramani kwa chifu, imechapishwa, futi sita." Hakupandisha sauti. Ningependa angepandisha. "Kukosea si kitu, Wakesho. Mimi pia nimekosea, sikukagua mifano yako. Lakini siku mbili hizi ulizifanyia nini?"

 Aligeukia dirisha.

"Na kama mashine imejifunza kwamba shamba lenye miti mingi ni msitu, unafikiri imekosea kwa huyo mama peke yake?"

Tulifungua ramani tukaufuata ukingo wote. Kwa macho ya sasa niliviona. Vipande vidogo vya giza, hapa na pale, vimeshikana na msitu. Hatukujua ni vingapi vilikuwa nyumba za watu. Tarehe ya baraza ilikuwa Ijumaa, yaani kesho yake, na barua ya kuliahirisha isingewahi. Daktari alisema tutakwenda. "Na wewe ndiye utakayesema," aliongeza.

Endarasha, Ijumaa, jua lilitoka. Nilikuwa nimekaa huku zaidi ya mwezi bila kuuona Mlima, na siku niliyokwenda kuaibika ndiyo siku uliyojitokeza, ng'ambo ya bonde zima la Kieni, wa buluu chini na mweupe kwenye vilele, karibu kiasi cha kuogopesha. Watu walikaa kwenye nyasi mbele ya ofisi ya chifu, wameupa mgongo. Ramani ilikuwa imebandikwa ukutani. Wengi waliikaribia, wakaweka vidole, wakatafuta barabara, shule, kanisa. Nilimwona Nyawira akiwa amevaa koti zuri la kahawia. Alifuata barabara kwa kidole hadi mahali pake, akasimama. Akarudia tangu mwanzo, polepole. Kidole kikaishia tena kwenye kijani.

Hakupiga kelele. Aligeuka tu akatafuta kwa macho, akaniona.

Chifu alipomaliza maombi na salamu, Daktari Gathoni alinipa ishara. Nilisimama. Sauti yangu mwenyewe niliisikia kama inatoka upande wa pili wa uwanja.

"Ninaitwa Wakesho, ni mwanafunzi, natoka Voi. Ramani hii ina kosa na kosa ni langu. Nilichora shamba la mtu nikaliita msitu kabla sijalikanyaga. Hata nilipolikanyaga niliandika ni msitu, kwa sababu ya ukungu na kwa sababu ndivyo nilivyotaka liwe. Mashine imeniiga, kwa hiyo inawezekana kuna mashamba mengine. Tafadhali msiitumie ramani hii kupima mpaka."

Mwanamume mmoja mwenye kofia ya mvua akauliza, "Kwa hivyo nyinyi mkikosea, sisi tunahama?"

"Hapana," Daktari Gathoni alisema akisimama kando yangu. "Ndiyo sababu tumekuja kusema."

Mjumbe wa kamati aliuliza tunahitaji muda gani. Daktari alisema wiki tatu. Walinong'onezana, wakatupa wiki mbili. Watu wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja, na katikati ya kelele hizo Nyawira akaja mbele yangu. Nilianza kuomba radhi, akainua mkono.

"Wewe ulikula kiazi yangu," alisema. "Ukatoka kwa shamba yangu ukijua."

"Ndiyo, shosho."

"Na ukanyamaza."

"Ndiyo."

Alinitazama. Macho yake yalikuwa na maji, labda ya jua. "Kesho kuja na viatu mzuri. Tutazunguka hii shamba yote na mguu. Hakuna kona utaruka."

Tulizunguka. Jumamosi ile ndiyo ninayoiona nikifumba macho hata sasa. Nyawira alitangulia na panga, mimi nyuma na kifaa kikihesabu hatua zetu, Bwana Hassan nyuma yangu akiita majina ya miti. Nyawira naye aliitambulisha kwa namna yake. Huu ni wa mwaka kifungua mimba alipozaliwa. Huu ulivunjwa na ng'ombe ukarudi. Huu alipanda mume wake, wa pekee, baada ya miaka mingi ya kulalamika, naye akaupanda vibaya. Mwanga ulishuka kati ya majani kwa vipande, nyuki walikuwa kazini, na kwa saa nzima hakuna aliyeharakisha. Tulipofika kwenye waya wa msitu nilisimama nikatazama pande zote mbili. Majani yalishikana juu ya vichwa vyetu. Kutoka juu usingeweza kuona waya. Upande wa ndani mashina yalitoka ardhini yakiwa yamenyooka.

Jirani yake alitusubiri langoni akitaka naye azungukiwe. Baada yake wakaja wengine. Kwa wiki mbili nilitembea ukingo wa Endarasha kila siku, nikaonjeshwa njegere, maziwa lala na uji, nikarudi Kiganjo nikiwa siwezi kuinua miguu. Mashamba tisa yalikuwa yamemezwa na kijani. Mengine madogo, moja likiwa na watoto wanane. Daktari Gathoni aliamua ramani iwe na rangi mpya, manjano, kwa miti iliyopandwa na watu karibu na nyumba zao. Hilo lilimaanisha kuifundisha mashine upya tangu mwanzo, na tulifanya hivyo pamoja, yeye akikagua kila mstari wangu. Mahali nisipopajua niliacha wazi.

Kamati ilipokea ramani ya pili na mpaka ukapita penye waya, mahali ulipokuwa siku zote. Nyawira alileta habari hiyo kituoni mwenyewe, pamoja na chupa ya asali kwa Bwana Hassan. Kwangu alileta mche, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia, mzizi umepinda. "Huu hauwezi kumea Voi," nikamwambia, "kuna joto." Akasema basi Daktari aupande pale kituoni. Hajaniambia kwamba amenisamehe. Aliniuliza tu nitarudi lini.

Agosti ilipoisha Bwana Hassan alinipeleka Nanyuki nikapande treni inayoshuka Nairobi. Tulipita kwanza kwao, nyumba ya mabati ya buluu karibu na soko la mifugo, ambapo mama yake alitupa chai yenye tangawizi nyingi na mahamri, akanifungia mengine kwenye gazeti. Bwana Hassan alinitazama juu ya kikombe.

"Ile siku ya Kangema nilikuuliza ni kitu gani kingine kina vivuli."

"Sasa najua."

"Najua unajua," alisema, akaongeza sukari.

Treni iliondoka polepole kiasi kwamba watoto walikimbia kando yake wakaipita. Mlima ulikuwa wazi upande wangu wa dirisha, na kwa saa nzima haukuonekana kusogea. Nilitazama mashamba yakipita na kwa mara ya kwanza sikuweza kuyapa rangi. Kila kundi la miti lilinifanya nijiulize kama kuna redio humo ndani.

Nilirudi na ripoti nzuri, iliyoeleza wazi kosa langu na siku mbili zangu. Daktari hakuficha, nami sikumwomba afiche. Mwalimu wangu aliisoma, akaniuliza swali lile lile la msitu na miguu, na safari hii nilishindwa kuhesabu. Kama kuna nilichojifunza, ni kwamba mtu anayechora kutoka juu huamua mambo ya watu walioko chini bila wao kumwona uso, na kwamba lililo rahisi zaidi katika kazi hii ni kunyamaza.

Jioni niliyofika Voi nilitandaza ramani ya pili mezani kwa mama. Alisogeza taa ya meza, akainama, akaangalia misitu yote ya Nyandarua na Mlima Kenya. Kisha akaweka kidole kwenye kipande cha manjano, kidogo kuliko kucha yake.

"Na hapa," aliuliza, "anakaa nani?"

Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, nikaanza kumweleza.